Ripoti ya Uthamini Kutoka Ifo: Pesa Yako Inalipia Nini?

Benki mjini Garissa ikikubali kuzungumza nawe kuhusu mkopo wa nyumba, karatasi itakayodai mara tu baada ya hatimiliki ni ripoti ya uthamini. Hapo ndipo simu huanza kupigwa. Kampuni ya Nairobi inakutajia bei ya kukukalisha chini. Kijana aliyemaliza chuo juzi anakuahidi nusu ya bei hiyo, tena atakutumia kwa barua pepe jioni hiyohiyo. Dalali wa sokoni hataki hata senti. "Abti, ploti hii ni milioni tatu, muulize yeyote hapa," anakuambia huku akiangalia upande mwingine.

Kwa anayeishi Dadaab, au mwenye duka katika soko la kambi ya wakimbizi ya Ifo, uamuzi huo una ugumu wake wa ziada. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni karibu kilomita 370, kisha zaidi ya 90 hadi Dadaab kwenye barabara ya mchanga ambayo mvua ikinyesha haina adabu. Mvua za Novemba 2023, na tena za Aprili na Mei 2024, zilipofurisha mto Tana, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika karibu na Madogo, na abiria wakawa wanavushwa kwa mashua. Ripoti iliyochapishwa nakala tatu na kufungwa kwa waya wa plastiki ililala kwenye ofisi ya basi pamoja na vifurushi vingine. Ripoti ya kielektroniki haivuki mto. Ndiyo maana watu wengi wa eneo hili waliupokea utumaji wa mtandaoni kwa mikono miwili, na walikuwa na haki.

Lakini safari ya karatasi ni sehemu ndogo sana ya gharama. Kinachogharimu pesa katika uthamini ni safari ya mtu: mthamini mwenye futi mkononi, anayezunguka ukuta, anayeuliza majirani na kusoma ramani ya msajili wa ardhi. Hiyo haitumwi kwa barua pepe. Mteja anayejivunia kuokoa nauli ya basi huku akiwa amenunua ripoti ya mtu asiyefika kwenye ploti, amepunjwa.

Nani anaruhusiwa kutia sahihi

Uthamini nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Wathamini, Sura ya 532. Anayetia sahihi ni mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini na mwenye cheti cha kufanyia kazi kilicho hai. Mwanagenzi, yule aliyehitimu na anayefanya kazi chini ya mkubwa wake akijiandaa kwa mitihani ya taaluma, anaweza kupima, kupiga picha, kukusanya bei za mauzo na hata kuandika rasimu yote mwanzo hadi mwisho. Hawezi kuimiliki ripoti hiyo kwa jina lake. Akikuuzia ripoti yenye sahihi yake peke yake, umenunua insha.

Simdharau mwanagenzi. Ukweli ni kwamba kwa Garissa na Dadaab, mwanagenzi aliyezaliwa huku mara nyingi ndiye mtu bora zaidi katika mnyororo mzima. Mauzo mengi ya ardhi hapa hufanyika kwa mazungumzo ya wazee na jamaa, pesa zikapita kwenye simu, na msajili asijue lolote. Mthamini wa Nairobi aliyeshuka saa nne asubuhi akitaka kurudi na basi la usiku atazipata wapi bei za kulinganisha? Atamuuliza dalali, yuleyule aliyesema milioni tatu. Kijana wa huku anajua kwamba ploti ya jirani iliuzwa kwa milioni mbili na nusu pamoja na ngamia wawili, na kwamba muuzaji alikuwa na haraka ya kumpeleka mgonjwa Nairobi, kwa hiyo bei hiyo haifai kulinganishwa na chochote.

Basi tulinganishe. Tarakimu hizi ni za mfano tu wa kukuonyesha mahali pesa zinapoingia. Bei halisi utaipata kwa kuomba makisio ya maandishi. Tuseme kampuni ya Nairobi inataka shilingi 60,000. Ikiwa imesajiliwa kwa VAT, ongeza asilimia 16, ifike 69,600. Ongeza usafiri na malazi ya siku mbili, tuseme 20,000. Jumla ni 89,600. Kampuni nyingine ina mwanagenzi anayekaa Garissa: ada 40,000, VAT 6,400, gari la kwenda Dadaab na kurudi 8,000. Jumla 54,400. Umeokoa 35,200, na huenda umepata ripoti inayoijua ardhi vizuri zaidi.

Huenda. Kuna sharti moja linaloweza kuipindua hesabu yote. Benki nyingi zina paneli, yaani orodha ya kampuni za uthamini wanazozikubali. Kampuni ya 54,400 ikiwa haimo, benki itakurudisha kwa ile ya 89,600, na utakuwa umelipa 144,000 kwa ploti moja. Kwa hiyo simu ya kwanza isiende kwa mthamini. Iende kwa afisa wa mikopo, umwombe orodha ya paneli kwa maandishi, ndipo uanze kutafuta nani kati yao ana mtu Garissa. Hakuna hatua nyingine katika shughuli hii inayookoa pesa nyingi kwa jasho dogo hivyo.

Ukishapata kampuni, swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: nani atakayekanyaga ploti, tarehe gani, na je, hilo litaandikwa kwenye ripoti? Kampuni nzuri hujibu bila kukunja uso. Nchini Marekani, kanuni za taaluma zinalazimisha jina la aliyesaidia kwa kiasi kikubwa litajwe kwenye ripoti, mwanagenzi akiwemo. Sisi tunaweza kulidai hilo kama wateja hata pasipo kulazimishwa na mtu. Jina la mwanagenzi likiwemo, mkubwa wake anajua kwamba akiulizwa mahakamani hawezi kudai alikagua mwenyewe.

Na dalali? Maoni yake ni ya bure, na yana matumizi yake: yanakupa wazo la soko kabla hujafungua mkoba. Ila malipo yake yanatoka kwenye mauzo, kwa hiyo kila milioni anayoiongeza mdomoni ina fungu lake. Benki haitayapokea, na wewe usiyapeleke.

Kabla ya kuthamini, ujue unathamini nini

Hapa ndipo watu wa Ifo wanapopoteza pesa bila sababu.

Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, ya kwanza kati ya kambi za Dadaab. Ardhi iliyo chini yake ni ardhi ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Mwenye duka sokoni anapouza "duka" lake, anachouza ni mabati, nguzo, bidhaa, na ile nafasi ambayo majirani wanaiheshimu. Hatimiliki haipo, na asiye raia hata angekuwa nje ya kambi, Katiba katika kifungu cha 65 inamruhusu kukodisha ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki moja kwa moja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imepanua nafasi ya kufanya kazi na biashara, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unazungumzia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Yote hayo bado hayajamfanya mwenye duka la Ifo kuwa na ploti ya kuweka rehani.

Kwa hiyo ripoti ya uthamini wa ardhi ya duka la Ifo, hata ikitiwa sahihi na mthamini bora kuliko wote nchini, haina mlango wa kubisha. Mtu akikuuzia, amekuuzia karatasi.

Kuna njia nyingine, ambayo sijui kwa nini haisemwi zaidi. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya haki za dhamana juu ya mali inayohamishika. Jenereta, friji ya maziwa, tuktuk, shehena ya sukari, hata mifugo, vinaweza kuwekwa dhamana, na mkopeshaji huisajili dhamana hiyo katika rejista ya mtandaoni. Uthamini wa vitu hivyo ni wa bei nafuu zaidi, haugusi ardhi, na mkopeshaji mwingine anaweza kuitafuta rejista ileile na kuona kama friji hiyo imeshawekwa kwa mtu mwingine. Kwa mfanyabiashara wa Ifo anayetafuta mtaji, nadhani pesa ya uthamini ielekezwe huku.

Mjini Garissa tatizo linabadilika sura. Watu wengi wana barua ya mgao, ile barua ya zamani ya baraza au ya kamishna wa ardhi, na wanaishikilia kama hatimiliki. Septemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema wazi kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki. Ni ofa ambayo lazima masharti yake yatimizwe hadi usajili. Mthamini mwaminifu ataandika hilo kwenye ukurasa wa pili wa ripoti, na benki itaishia kusoma hapohapo. Afadhali utumie pesa kwanza kukamilisha usajili, kisha uthamini. Ukigeuza mpangilio huo utalipia uthamini mara mbili.

Wafugaji walio kwenye njia ya barabara za mradi wa LAPSSET wana habari tofauti. Ardhi ikitwaliwa kwa mradi wa umma, uthamini wa fidia hufanywa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, si wewe wala benki. Jamii ikitaka kupinga kiasi kilichowekwa, hapo ndipo inafaa kumwajiri mthamini wake, na gharama wakigawana watu wengi huwa ndogo kwa kila nyumba.

Kuituma

Ripoti imekamilika. Sasa inaondokaje Dadaab?

Mlango wa serikali unaitwa Ardhisasa, uliozinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, ukaanzia masjala za Nairobi na kuendelea kaunti kwa kaunti. Maombi ya uthamini wa ushuru wa stempu, utafutaji rasmi wa hatimiliki na malipo hupitia humo kwa kaunti zilizokwisha kuunganishwa. Kabla ya kumlipa mtu "ada ya Ardhisasa", hakikisha kwanza kwamba masjala yenye ploti yako imo. Ikiwa haimo, bado unahitaji faili la karatasi kwenye masjala, na pesa ya mtandao haina kazi.

Kwa benki, njia ya kawaida ni barua pepe ya kampuni ya uthamini moja kwa moja hadi benki. Wewe mteja upate nakala, lakini usiwe wewe unayeipeleka. Ripoti inayopitia mikononi mwa mteja huzua shaka kwamba kuna tarakimu iliyobadilishwa njiani, na afisa wa mikopo mwangalifu ataipigia kampuni simu kuhakikisha, siku zikapita.

Mwanagenzi anayefanya kazi Ifo hukutana na vikwazo ambavyo ofisi ya Nairobi haivijui. Mlingoti wa simu ukilipuliwa na al-Shabaab, jambo ambalo limetokea mara nyingi kaskazini mashariki, mtandao hutoweka kwa siku kadhaa. Umeme wa soko ni wa jenereta na wa sola. Picha 40 za simu ya kisasa zinaweza kulifanya faili lizidi megabaiti 25, kiwango cha mwisho cha kiambatisho cha Gmail, na ujumbe unarudi ukiwa umekula bando lako. Anayejua kazi hupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipachika, huandika ripoti bila mtandao, kisha huituma alfajiri mtandao ukiwa mwepesi.

Kuna kosa moja dogo ambalo linagharimu kuliko mengine. Mwanagenzi hupiga picha za ploti, simu inahifadhi ndani ya kila picha majira ya mahali na saa. Kisha humtumia mkubwa wake Nairobi picha hizo kwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp hubana picha na kufuta majira hayo. Picha zinafika zikiwa nzuri kwa macho lakini haziwezi tena kuthibitisha kwamba zilipigwa kwenye ploti namba fulani wala tarehe fulani. Zikitumwa kama faili badala ya picha, majira hubaki. Bonyezo moja tofauti, na ripoti ina ushahidi.

Saiba ya sokoni ni rahisi, na inatosha kwa kuchapisha. Kwa kutuma ripoti sina hamu nayo. Ndani ya ripoti mna nakala ya kitambulisho chako, namba ya PIN ya KRA na nakala ya hatimiliki, vitu vitatu ambavyo mlaghai huvitafuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mthamini azilinde taarifa hizo, lakini haitakusaidia sana faili likibaki kwenye kompyuta ya saiba, au WhatsApp ya mwanagenzi ikibaki wazi hapo baada ya yeye kwenda kuswali adhuhuri. Kampuni inayompa mwanagenzi wake laptopu na bando inatoza zaidi kidogo. Mimi ningelipa.

Sahihi ya kielektroniki ilipata nguvu zaidi nchini kwa marekebisho ya sheria za biashara ya Machi 2020, yaliyogusa hata hati za ardhi. Hata hivyo baadhi ya maafisa bado wanataka wino na muhuri. Uliza benki mapema kama inakubali sahihi ya kidijitali. Jambo ambalo halijadiliwi ni nenosiri: mthamini akimpa mwanagenzi nenosiri lake ili atie sahihi kwa niaba yake, ripoti haijasainiwa na mtu anayewajibika, hata ikionekana imekamilika.

Vijana wa Ifo waliohamishiwa Minneapolis, Marekani, na wanaotaka kuingia kazi hii watakuta mfumo wa huko ni wa zamani kuliko wetu: ripoti za nyumba za mikopo inayonunuliwa na Fannie Mae na Freddie Mac zimekuwa zikiwasilishwa kwenye lango la pamoja tangu 2012, na mwanagenzi huanza na saa 75 za masomo, kisha saa 1,000 za kazi chini ya msimamizi ili apate leseni ya ngazi ya kwanza ya nyumba. Gharama kubwa kwao, kama kwetu, ni kumpata msimamizi atakayekubali kukaa nao.

Kishawishi cha bei ya chini

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 nje ya mji. Kwa hiyo ploti ya milioni tatu ndani ya manispaa ya Garissa inadai 120,000. Nje ya mipaka, 60,000. Kuna watu hunong'onezana na muuzaji waandike milioni mbili ili walipe 80,000. Tukiacha kwamba ni kuvunja sheria, na kwamba mthamini wa serikali anaweza kuikataa bei hiyo, piga hesabu ya kesho. Ukiiuza ploti hiyo kwa milioni nne, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Iliyoandikwa milioni tatu ina faida ya milioni moja, kodi 150,000. Iliyoandikwa mbili ina faida ya milioni mbili, kodi 300,000. Uliokoa 40,000 ukaja kulipa 150,000 zaidi.

Na bei ya juu nayo ina ubaya wake, hasa kwa anayenunua kwa murabaha kupitia benki za Kiislamu, ambazo zimekuwepo Kenya tangu 2008. Benki hununua, kisha hukuuzia kwa kuongeza faida yake juu ya bei ya kununulia. Ripoti iliyovimba inakufanya ulipe faida juu ya uvimbe huo kwa miaka yote ya mkataba.

Ripoti ikishapokelewa, dai namba ya marejeo au jibu la barua pepe linalosema "tumepokea", kisha uhifadhi nakala yako mahali pawili, moja isiwe kwenye simu. Mkopo ukikushinda na benki ikataka kupiga mnada, kanuni za madalali wa mnada zinataka uthamini usiozidi miezi 12, na Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inachukulia kwamba benki imekosea ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, hadi ithibitishe vinginevyo. Wakili atakayepigania ploti yako ataanza kwa kuulinganisha uthamini huo mpya na ule wa siku ulipochukua mkopo, na nakala ya ule wa kwanza atakuomba wewe.